Samaki Avuliwaye kwa Unyoya
(Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye ni dereva wa watalii, alinipa zawadi ya kitu kidogo mfano wa inzi. Kumbe ni ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ya kuku! Aliniambia kwamba kwa kitu hicho wageni wake walivua samaki aitwaye trauti katika mto wa milima ya Nyandarua, Kenya. Kwa kuwa wenzangu bwenini wameniuliza maswali mengi, naona yafaa niwajibu wote hapa.

Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakapandikizwa katika mto Gura. Hupenda maji baridi, maana maji baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto. Joto likipita nyuzi 20 hivi, huanza kutaabika. Hivyo asitafutwe huku kwetu Berega, wala chini katika mto Wami. Samaki mwingine, besi wa Marekani, aliyetiwa katika ziwa Naivasha mwaka 1929, yeye huvumilia maji ya vuguvugu.

Sasa, huvuliwaje? Sisi tukivua, jiwe au risasi ndiyo ivutayo mshipi uende mbali. Inzi wa manyoya hana uzito hata kidogo, kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mzito, nao ndio unaorushwa. Ufito hurudishwa nyuma, husimama kidogo mpaka mshipi unyooke hewani, kisha hupelekwa mbele. Mjomba alisema ufito uende kama mshale wa saa, kati ya saa nne na saa saba, usizidi. Nilijaribu uwanjani kwa mwanzi na kamba, nikajinasa shati mara tatu.

Kazi ya kiongozi ni kuusoma mto. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea maji yatokako, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Basi kiongozi humpeleka mgeni kutoka upande wa chini, nyuma ya samaki, tena humwangalia kivuli chake kisianguke majini. Inzi lazima aelee kwa mwendo ule ule wa maji. Akikokotwa na mshipi, samaki hutambua hila.

Nilipokwenda kwa babu nilitaka kumwonyesha ufundi huo mtoni. Nilitupa unyoya wangu tangu alasiri hata jua likachwa. Hakuna kitu! Babu alicheka sana. Akasema, "Mjukuu wangu, kambale hali kwa macho." Kweli, kambale huwinda zaidi usiku, naye huyajua mawindo kwa sharubu zake na kwa harufu. Nami nilimletea manyoya yasiyo na harufu ya chakula.

Lakini nilipomweleza kwamba wageni wengi huondoa kijino cha ndoana, ili wakishamvua samaki wamrudishe mzima, babu aliacha kucheka. Aliuliza, "Wametoka mbali hivyo, wamelipa fedha, kisha wanamrudisha? Sasa wamevua nini?" Nilijibu kwamba samaki wa milimani hukua polepole kwa sababu ya baridi, na kwamba wote wakiliwa kiongozi hatakuwa na kazi mwaka ujao. Hakuridhika. Alisema mtu mwenye njaa hawezi kuchezea chakula.

Kesho yake asubuhi tulivua kwa nyungunyungu, nikapata perege mkubwa. Babu alimshika, akamfungua kinywa, tukaona mayai ya manjano yamejaa ndani, maana perege jike huyatunza mayai kinywani mwake mpaka watoto watoke. Hakusema neno. Aliinama, akamwachia taratibu penye kina, akaniambia nitie chambo kingine.