Futari Kabla ya Kafyu

Mombasa ni mji unaokula nje, tena usiku. Jua likichwa na joto likapungua, majiko ya makaa huwashwa kando ya barabara, kuanzia Mji wa Kale mpaka kule Lighthouse: viazi vya karai na ukwaju wake, mishkaki, bajia, kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu, madafu. Mwenye njaa tu angeshibia kwao. Barabarani watu huenda kutafutana. Ndiyo maana katika amri zote za wakati wa korona, iliyouuma mji huu zaidi ni ile ya saa moja usiku.

Kafyu ilianza Machi 27, 2020, na jioni ya kwanza tu polisi waliwarushia gesi ya machozi na kuwacharaza watu waliokuwa wakingoja feri Likoni ili wawahi kufika makwao. Aprili 8 kaunti nzima ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kabla mwezi huo haujesha, Ramadhani ikaandama.

Wakati huo wa mwaka jua la Mombasa huchwa karibu saa kumi na mbili na robo. Baina ya adhana ya magharibi na kafyu palibaki muda usiotimia saa: tende, maji, uji, sala, kisha milango ifungwe. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, kwa hivyo tarawehe iliswaliwa majumbani, baba akiwa imamu wa wanawe. Si sala peke yake iliyohama. Miaka mingine tarawehe ndiyo huutoa mji nje. Watu wakitoka msikitini hawaendi kulala. Humfuata muuza kahawa tungu kwa mlio wa vikombe vyake, wakakaa barazani na kashata mkononi, wakazungumza siasa, mpira na nani anaoa, mpaka daku i karibu. Kazi hiyo ya usiku ilikufa kwa siku moja. Kuhamia mchana haikuwa dawa, maana Ramadhani mchana nani atakunywa kahawa?

Wenye vitafunio walipata angalau alasiri. Kaimati, sambusa na mahamri viliuzwa mapema, watu wakibeba haraka kwenda navyo nyumbani. Na akina mama ambao siku zote walikuwa wakipikia majumbani na kuwapa wengine wauze, sasa waliuza wenyewe kwa simu: picha ya sinia kwenye WhatsApp, malipo kwa M-Pesa, bodaboda mlangoni. Wako waliosema huo ni ubunifu wa korona. Mimi naona jiko lilikuwa lile lile, ila mnunuzi sasa amejua ni la nani.

Mei 6 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale wenyewe unafungwa, sawa na Eastleigh ya Nairobi. Siku zilizotajwa zilikuwa 15. Zikaongezwa hadi Juni, na Iddi ikaangukia katikati yake. Bodaboda hakupita kizuizini. Ndani ya vichochoro, hata hivyo, kulikuwa na desturi ambayo haikuhitaji bodaboda. Kila jioni ya Ramadhani mtoto hutumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa: leo tambi, kesho vibibi, keshokutwa mkate wa sinia. Sahani hiyo hairudi tupu. Kwa watu waliokosa kibarua wiki baada ya wiki, sahani ya jirani ilikuwa futari yenyewe, na haikumwaibisha mtu, kwa sababu ingekuja hata mwaka wa neema. Serikali na wafadhili waligawa unga. Msaada wa namna hiyo ulikuwa wa lazima, lakini anayeupokea hujulikana.

Iddi ilipita bila pembea wala kelele za watoto viwanja vya Makadara. Harusi zilibaki nikaha na watu wachache, na pilau ambayo watu wangeila wanne wanne kwenye sinia moja ikafungwa mafungu ikapelekwa majumbani. Wazee walilalamika kwamba sinia imekufa. Sikuamini, mkono uliozoea kusukuma nyama upande wa mgeni hausahau kwa mwaka mmoja.

Lililonitia wasiwasi ni jingine. Misikiti ilipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliopita 58. Kiafya kulikuwa na mantiki, angalau kwa wazee. Lakini ukiwatoa hao wawili, babu na mjukuu, umewatoa anayejua na anayejifunza, na baraza lililo nje ya msikiti likabaki na watu wa makamo wanaotazama saa.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, na Ramadhani iliyofuata majiko yaliwaka tena mpaka usiku wa manane. Oda za simu hazikuondoka. Kuna nyumba leo zinaagiza futari nzima bila kukanyaga jikoni, na sioni ubaya. Ila viazi vya karai havitaki safari. Vikiletwa kwa pikipiki hufika vimelainika, ukwaju umemwagika mfukoni, na hakuna wa kubishana naye ni karai ya nani iliyo bora.