Kisanduku Kisicho na Mizani

Malori yashukayo kutoka bara kuelekea Dar es Salaam, na yale yapandayo kwenda Morogoro na kuendelea hata Zambia na Kongo, hayana budi kupita hapa kwetu Vigwaza yapande mizani. Na dereva aliyebeba karatasi isemayo kwamba shehena yake ni halali hawezi kuitegemea karatasi hiyo peke yake, kwa kuwa chuma kilicho chini ya magurudumu hujisemea chenyewe, ekseli baada ya ekseli, na kikomo cha nchi za Afrika Mashariki ni tani 56. Mizani hiyo nimeizoea miaka mingi bila ya kuitafakari, mpaka jioni moja nilipoingia chumbani kwa mpwa wangu nikamkuta amekabiliana na kompyuta yake kuukuu, anarusha eropleni.

"Shikamoo mjomba. Angalia usiukanyage huo waya."

"Marahaba. Safari ya wapi leo?"

"Kilimanjaro. Ila kisanduku bado hakijaniruhusu."

Kisanduku alichokikusudia ni kile chenye kioo kidogo na vibonyezo vya herufi na tarakimu, kikaacho baina ya viti viwili vya marubani, nacho ndicho mlango wa kuingilia katika mfumo wa kusimamia safari. Mfumo huo ulikuwamo katika Boeing 767 ilipoanza kuchukua abiria mwaka 1982, ndege kubwa iliyorushwa na watu wawili tu, ilhali ndege za ukubwa ule zilikuwa zimezoea kuwa na mtu wa tatu, mhandisi, nyuma yao. Ndani yake mna hazina ya viwanja, njia na nukta za angani, hazina ambayo ulimwenguni kote huandikwa upya kila siku 28, kwani njia za juu nazo hubadilika kama mikondo ya bahari. Rubani huandika atokako na aendako kwa herufi nne, HTDA ikiwa ni Dar es Salaam na HTKJ ikiwa ni Kilimanjaro, akaipanga njia nukta kwa nukta, kisha akaulizwa uzito wa ndege, kiasi cha mafuta na kimo anachokitaka. Na kwa majibu hayo mfumo hukadiria mwendo wa kuondokea, saa ya kufika, na mahali hasa pa kuanzia kushuka.

Katika michezo ya zamani ya urushaji, kisanduku hiki kilikuwa pambo. Ndege zilizokuja na programu ya Microsoft Flight Simulator X ya mwaka 2006 zilikuwa nacho, lakini ukikibonyeza hakijibu, mithili ya saa iliyochorwa ukutani. Waliokitia uhai ni watengenezaji wa ndege za nyongeza, ambazo mtu hununua kando na kuzipachika katika mchezo: PMDG walitoa Boeing 737 yao mwaka 2011, na ndiyo aliyonayo mpwa wangu, Majestic walitoa Dash 8 Q400 mwaka 2013, ndege ya aina ile ile ambayo Air Tanzania ilikuja kuipokea mwaka 2016, Fenix wakaleta Airbus A320 mwaka 2022, na kundi la FlyByWire, ambalo mimi nalisifu kuliko wote, hutoa Airbus yao bure kwa kila atakaye.

Watu wengi hudhani kwamba uhalisi wa vitu hivi umo katika mng'ao wa vibonyezo na mikwaruzo ya rangi. Kwa maoni yangu hayo ni marembo tu. Uhalisi umo katika jambo hili, kwamba kisanduku cha kweli huweza kudanganywa, na cha kuiga kilicho bora hudanganyika kwa namna ile ile. Ndege haipandishwi mizani penye njia ya kurukia. Uzito wake hukadiriwa kwa hesabu ya abiria, mizigo na mafuta, ukaandikwa kwa vidole vya binadamu, na chombo kikausadiki.

Usiku wa tarehe 20 Machi 2009, mjini Melbourne, marubani wa Airbus A340 ya Emirates iliyokuwa ikirejea Dubai na abiria 257 walipiga hesabu ya kuruka kwa kompyuta ndogo, na mahali pa tani 362.9 pakaandikwa 262.9. Tarakimu moja. Marubani walikuwamo wanne chumbani, na wote ikawapita. Majibu yakahamishiwa kwenye mifumo ya ndege, mwendo ukatoka mdogo na nguvu ya injini ikatoka pungufu, mkia ukaburuzwa ardhini, na ndege ikaimaliza njia yote kabla ya kunyanyuka. Walirudi wakatua salama, wala hakuna aliyeumia.

Nilimweleza mpwa wangu kisa hicho, naye bila ya kusita akapunguza tani 10 kwa makusudi. Kisanduku hakikunung'unika. Kilitoa mwendo mdogo wa kuinulia pua, akauinua, na ndege ikakaa vile vile, pua juu na magurudumu chini, huku mwisho wa njia ukija mbio. Watengenezaji, kwa huruma yao, wameweka kibonyezo kinachojaza uzito sahihi chenyewe. Yeye hakitumii, nami naona ana haki.

Tukaiacha safari ya Kilimanjaro, tukahamia hesabu ya kushuka, ambayo marubani huipima kichwani kwa kanuni ya maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000. Kutoka Vigwaza hadi kiwanja cha Dar es Salaam ni kadiri ya maili 36 kwa mstari ulionyooka, basi ndege itokayo Dodoma yapasa ipite juu yetu ikiwa kwenye futi 12,000 hivi. Mpwa wangu akataka kuitia Vigwaza ndani ya njia hiyo ya Dodoma. Haikuwezekana, kwani majina ya nukta hayazidi herufi 5, na letu lina 7. Akaandika latitudo na longitudo alizozitoa ramanini, kisanduku kikazipokea na kuipa nukta jina la kwake, WPT01, naye akaandika mbele yake 12,000.