Ramani Siyo Kazi, Kazi ni Watu

Kila nikijitambulisha kwenye harusi za watu nasikia ombi lile lile: "Akitekti? Jamani, nichoree karamani kadogo basi." Kadogo, tena bure. Huwa nacheka tu. Nikianza kueleza kwamba kuchora ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, pilau itapoa.

Nilihitimu UCLAS mwaka 2004, chuo ambacho mwaka 2007 kilikuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Miaka mitano ya kukesha na penseli, rula na gundi. Ndoto yangu ilikuwa Soko la Kariakoo la Mzee Beda Amuli, lile paa la miavuli ya zege inayokinga mvua na kuyapeleka maji chini. Nikajiapiza nitajenga kitu kama kile. Kazi ya kwanza niliyopewa ikawa nyumba ya vyumba vitatu, Mbezi.

Mteja alikuwa meneja kijana mwenye gari zuri na simu mbili. Vikao vyote alikuja peke yake. Nikimuuliza shemeji anasemaje, ananijibu, "Yule nataka kumfanyia sapraizi." Haya. Tukachimba msingi, tukamwaga jamvi, tukafika kwenye lenta, ndipo akamleta mkewe saiti. Yule dada akazunguka kimya kimya mpaka jikoni, akasimama. Dirisha moja dogo, linatazama magharibi. Akanigeukia mimi, siyo mumewe: "Dada, hivi wewe hupiki?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa jua la Dar es Salaam, jiko la namna ile saa kumi jioni ni tanuri, na hilo nililijua vizuri: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane ili upepo upite. Lakini bwana mkubwa alitaka sebule ndiyo ikae upande wa upepo, itazame barabara, nami nikamkubalia kwa sababu ndiye aliyekuwa analipa. Tulibomoa ukuta mzima. Hela ikatoka kwenye fungu la bati.

Tangu siku ile sichori nyumba ya wanandoa mpaka wakae wote wawili mbele yangu. Namuuliza kila mmoja kivyake: saa kumi na mbili asubuhi unakuwa wapi ndani ya nyumba? Mkigombana, unakimbilia chumba gani? Mama mkwe akija analala wapi? Hapo ndipo utasikia mambo! Wapo waliogundua kwenye meza yangu kwamba mmoja anataka watoto wanne na mwenzie anataka mmoja. Ofisi yangu siyo ya ushauri wa ndoa, lakini maboksi ya tishu nanunua.

Baadaye nikapata kazi Zanzibar, kukarabati nyumba ya Mji Mkongwe. Kule nilinyenyekea. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu hivi, nami nikadhani ni mtindo tu wa watu wa zamani. Kumbe ni urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mti ndio ulioamua upana wa chumba. Fundi mmoja mzee alinikuta naandika simenti kwenye orodha ya vifaa, akachukua kalamu yangu mwenyewe akaikata. "Mwanangu, ukuta huu wapumua." Mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, ukiyafunika kwa simenti, unyevu unanaswa ndani, chumvi inakula jiwe na plasta inabanduka vipande vipande. Miaka mitano ya chuo, na hilo nimelipata kwa babu asiye na cheti.

Zahanati, mabweni, vyoo vya shule, hayo nisikuchoshe nayo. Nifike 2011.

Mimi na mchumba wangu, ambaye ni mkadiriaji majenzi, tulikuwa na ofisi ya chumba kimoja na mahari iliyolipwa nusu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anajenga nasi Kariakoo, kibali cha ghorofa nane, msingi na nguzo vimekokotolewa kwa nane. Zege la ya sita limekauka, akasema tuongeze nne juu. "Nguzo nene zile, zitabeba." Mhandisi akagoma. Nikaambiwa mimi nichore tu, mhandisi mwingine atapatikana. Malipo yale yangemaliza mahari, yangefanya harusi, yangenunua na kiwanja.

Mwenzangu akapiga hesabu usiku kucha. Asubuhi akaniambia, "Sikia mpenzi, tusipochora sisi atachora mwingine. Ghorofa litapanda tu." Na hakukosea. Nikakataa. Akaninunia wiki mbili, harusi ikasogea mwaka mzima, na shangazi yangu mpaka leo anaamini nilikuwa na bwana mwingine.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa 16 likaporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar. Watu zaidi ya 30 walikufa. Halikuwa lile la mteja wetu. Tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa. Mume wangu alizima redio, akaja kukaa pembeni yangu kitandani. Hakusema kitu, nami sikutaka aseme.

Na lile la Kariakoo? Lilipanda mpaka kumi na mbili na limesimama hadi leo, chini wanauza vitenge. Novemba 2024 ghorofa lingine lilipoanguka Kariakoo, nilimpigia simu yule mhandisi kabla sijavaa viatu, kuuliza ni lipi. Nikipita mtaa ule huwa navuka upande wa pili.

Sisi wenyewe bado tumepanga. Mganga hajigangi. Kiwanja tulishapata, na ramani nimeichora mara nane. Juzi nikamwekea mezani ya tisa, jiko lina madirisha mawili yanayotazamana, kila kitu safi. Akaiangalia muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Sasa mimi saa kumi na mbili asubuhi nakuwa wapi?"

Nilikuwa sijawahi kumuuliza.