Ruhusa na Ridhaa: Istilahi za Faragha katika Mfumo Endeshi wa Simujanja

Utangulizi

Siku moja alifika ofisini kwetu mwalimu mstaafu, mzee anayeheshimika kwa mapenzi yake ya lugha. Baada ya kumwamkia shikamoo, naye kuitikia marahaba, aliitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. "Mwanangu," aliniambia, "humu mna programu ya kutazamia hali ya hewa. Iliniomba ruhusa ya kujua nilipo, nikaikatalia. Je, sasa hakuna ajuaye nilipo?" Nilimjibu kwamba programu ile haijui, lakini sikuweza kumhakikishia kwamba hakuna mwingine ajuaye. Mzee akatikisa kichwa. "Basi," akauliza, "hilo neno ruhusa mmeliweka kwa kazi gani?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Kwa juu juu ni swali la ufundi wa simu, lakini kwa undani wake ni swali la istilahi. Mtumiaji wa simujanja hana njia ya kuona yanayotendeka ndani ya chombo chake. Anachokiona ni maneno tu yaliyoandikwa kwenye kioo. Maneno hayo yakiwa na maana iliyofifia, uamuzi wake nao utakuwa umefifia. Katika makala haya nitajaribu kueleza uhusiano uliopo baina ya huduma za mfumo endeshi na faragha ya mtumiaji, na kuonyesha kwamba maneno mawili tunayoyachanganya, yaani ruhusa na ridhaa, yanapaswa kutenganishwa.

Mfumo endeshi na programu tumizi

Simujanja ni kompyuta ndogo. Kama ilivyo kwa kompyuta yoyote, ndani yake mna programu za daraja mbili. Daraja la chini ni mfumo endeshi, ambao ndio unaosimamia betri, kumbukumbu, kamera, kinasa sauti na mitambo ya mawasiliano. Daraja la juu ni programu tumizi, yaani zile ambazo mtu huzichagua kwa matumizi yake: ya kutuma ujumbe, ya benki, ya habari, na kadhalika. Mifumo endeshi iliyoenea zaidi duniani ni miwili: iOS ya kampuni ya Apple, iliyoanza na simu ya iPhone mwaka 1007 + 1000, yaani 2007, na Android ya kampuni ya Google, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008.

Programu tumizi haiwezi kuigusa kamera au kujua mahali simu ilipo bila kupitia kwa mfumo endeshi. Hapo ndipo linapoingia jambo la ruhusa. Katika matoleo ya awali ya Android, mtu aliombwa ruhusa zote kwa pamoja alipokuwa akiiweka programu, naye hakuwa na la kuchagua ila kukubali zote au kuiacha programu yenyewe. Kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, programu ilitakiwa kuomba ruhusa moja moja wakati inapoihitaji. Mwaka 2020 likaongezwa chaguo la kutoa ruhusa kwa mara moja tu, na mwaka 2021 mtumiaji akawezeshwa kuificha nukta halisi alipo na kuonyesha eneo la kukadiria tu.

Utaratibu huu hauna ugeni kwa Mswahili. Mgeni hasukumi mlango. Hupiga hodi, akasubiri kuambiwa karibu. Asipokaribishwa hurudi alikotoka. Programu tumizi, basi, ni mgeni apigaye hodi, na mfumo endeshi ni bawabu anayemzuia mlangoni mpaka mwenye nyumba ajibu.

Huduma za mfumo

Lakini katika nyumba hii wamo wengine wasiopiga hodi, kwa kuwa walikuwamo tangu nyumba ilipojengwa. Hao ndio wanaoitwa huduma za mfumo. Huduma ya mfumo ni programu isiyokuwa na sura kwenye kioo, ifanyayo kazi chinichini, na ambayo programu nyingine huitegemea. Katika simu nyingi za Android huduma hizo hukusanywa katika fungu liitwalo Google Play Services, lililoanza mwaka 2012. Ifahamike kwamba msingi wa Android ni programu huria, ambayo mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma msimbo wake. Ila fungu hili si huria. Tena hupokea marekebisho kutoka kwa kampuni moja kwa moja, bila kungoja toleo jipya la mfumo.

Manufaa ya huduma hizi hayana ubishi. Tuchukue mfano wa arifa, yaani ule mlio unaomjulisha mtu kwamba ameletewa ujumbe. Kama kila programu ingekesha ikisikiliza kivyake, betri ingekwisha upesi. Kwa hiyo mfumo endeshi huweka njia moja ya mawasiliano, na arifa za programu zote hupitia kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza mfumo huo kabla ya kumfikia mwenyewe. Njia ni fupi na nafuu, lakini apitishaye barua hujua imetoka wapi na imekwenda kwa nani, hata asipoifungua bahasha. Desemba 2023, Seneta Ron Wyden wa Marekani aliiandikia Wizara ya Sheria ya nchi yake akieleza kwamba serikali za nchi za nje zilikuwa zikizidai Apple na Google kumbukumbu za arifa za watu. Watumiaji wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba kumbukumbu za namna hiyo zipo.

Mwaka 2021, Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima taarifa zinazotoka katika simu za aina zote mbili. Aliona kwamba hata simu ikiwa imelala bila kutumiwa, huwasiliana na kampuni ya mfumo wake kwa wastani wa kila dakika nne na nusu, na kwamba miongoni mwa yaliyopelekwa zilikuwamo nambari zinazoitambulisha simu yenyewe. Google ilipinga namna alivyopima wingi wa taarifa, na ikasema kwamba mawasiliano ya aina hiyo ni ya lazima ili simu ifanye kazi na kubaki salama. Huenda mengi yakawa ya lazima kweli. Hoja yangu ni kwamba mawasiliano hayo hayakutanguliwa na hodi yoyote.

Mfano wa mahali alipo mtu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule uliofika mahakamani, nao ulihusu maneno hasa. Katika akaunti za Google mlikuwa na swichi mbili. Ya kwanza iliitwa Historia ya Mahali, na kwa kawaida ilikuwa imezimwa hadi mtu aiwashe. Ya pili iliitwa Shughuli za Wavuti na Programu, na kwa kawaida ilikuwa imewashwa. Mtu aliyeiona ya kwanza aliamini, kwa kulifuata jina lake, kwamba akiizima hiyo mahali alipo hapatahifadhiwa. Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba haikuwa hivyo: swichi ya pili, ambayo jina lake halikutaja mahali hata kidogo, iliendelea kuruhusu mahali hapo pahifadhiwe.

Aprili 2021, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba baadhi ya watumiaji wa Android walikuwa wamepotoshwa, na Agosti 2022 Google ikaamriwa kulipa dola za Australia milioni 60. Novemba 2022, kampuni hiyo ilikubaliana na majimbo 40 ya Marekani kulipa dola milioni 391.5 kwa shauri lililofanana na hilo. Google ilieleza kwamba taratibu zilizolalamikiwa zilikuwa za zamani na zilikwisha kubadilishwa. Na Desemba 2023 ilitangaza kwamba historia hiyo ya mahali itaanza kutunzwa ndani ya simu ya mtumiaji mwenyewe.

Tuliangalie shauri hili kwa jicho la mwanaistilahi. Hapakuwa na kufuli lililovunjwa wala mwizi aliyeingia usiku. Mitambo ilifanya kile ilichoundwa kufanya. Kosa lilikuwa katika kuita: jina moja liliahidi zaidi ya lilivyotenda, na jina jingine lilitenda zaidi ya lilivyoahidi.

Siri, faragha na usalama

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya matatu hutumiwa kama kwamba ni mamoja, jambo ambalo huzidisha utata.

Siri ni jambo ambalo mtu hataki lijulikane. Anayesema "mimi sina siri, waache watazame" hutumia neno hili, naye hudhani amemaliza maneno. Faragha ni dhana pana zaidi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, lenye mzizi unaobeba maana ya kuwa tupu au wazi; kwetu limekuwa na maana ya mahali au wakati ambapo mtu yuko mbali na macho ya wengine. Mtu anayekula chakula chake ndani hana siri yoyote, kwani jirani wote wanajua kwamba anakula. Hata hivyo ana faragha, na hataki mtu aketi dirishani kuhesabu matonge. Usalama nao ni jambo la tatu: ni kuzuia taarifa zisichukuliwe na asiyehusika.

Tofauti hii ina uzito katika suala letu. Huduma za mfumo aghalabu huimarisha usalama: hugundua programu zenye madhara na kusaidia kuitafuta simu iliyoibwa. Kwa hiyo kampuni ikisema kwamba taarifa zetu ziko salama, huenda ikawa imesema kweli tupu. Ila haijajibu swali la faragha. Nyumba inaweza kuwa na kuta imara na walinzi hodari, na bado mwenye kuijenga akawa amebaki na ufunguo.

Ruhusa na ridhaa

Sasa twaweza kumjibu Mwalimu. Ruhusa ni neno la bawabu. Ni tendo la kiufundi: mlango umefunguliwa au umefungwa kwa mgeni fulani. Ridhaa ni neno la mwenye nyumba. Ni kukubali kwa hiari baada ya kuelewa. Sheria za miaka ya karibuni zimeweka masharti ya dhana hii ya pili. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 zataka ridhaa itolewe kwa uhuru, kwa jambo mahususi, na mtu aliyekwisha kuarifiwa, bila utata wowote. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2019 hufuata mkondo huohuo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ni dhahiri kwamba ruhusa inaweza kutolewa pasipo ridhaa, kama afanyavyo mtu anayebonyeza "kubali" ili tu dirisha limwondokee. Vilevile taarifa zinaweza kukusanywa pasipo ruhusa kuombwa kwenye kioo, kama zifanyavyo huduma za mfumo, ambazo hutegemea masharti marefu yaliyokubaliwa kwa mkupuo siku simu ilipowashwa mara ya kwanza. Mwalimu aliikatalia ruhusa programu moja. Kuhusu mfumo wenyewe, hakuna aliyemuuliza tena tangu siku ile.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza wenzetu wafasiri, waandishi wa habari na walimu wazingatie matumizi yafuatayo:

Ruhusa: uwezo ambao mtumiaji huipa programu tumizi ili ifikie kifaa au taarifa fulani kupitia kwa mfumo endeshi.

Ridhaa: kukubali kwa hiari, kwa jambo mahususi, baada ya kuelewa taarifa zipi zitachukuliwa, na nani, na kwa kazi gani. Neno hili lisitumiwe kwa kila kitufe cha "kubali".

Huduma ya mfumo: programu ya ndani ya mfumo endeshi ifanyayo kazi chinichini. Lisifupishwe kuwa "huduma" pekee, kwa kuwa neno hilo humfanya msomaji afikirie hisani anayotendewa na kusahau kwamba ni programu nayo.

Faragha: haki ya mtu kuamua nani ajue mambo yake na kwa kiasi gani. Lisibadilishwe kwa "siri" wala "usalama".

Hitimisho

Yapo watakaosema kwamba mambo haya huamuliwa mbali, katika ofisi za kampuni kubwa, na kwamba istilahi zetu haziwezi kubadili chochote. Sikubaliani nao. Shauri la Australia limeonyesha kwamba mahakama inaweza kulipima jina la swichi na kuliona limepungukiwa. Mwananchi wetu naye anastahili kuulizwa kwa maneno ambayo anaweza kuyapima.

Mwalimu alipoaga nilimwonyesha mahali pa swichi za akaunti yake, tukazisoma moja baada ya nyingine. Mbili alizizima. Moja aliiacha, baada ya kuifikiri, ili simu iweze kutafutwa ikipotea. Kwa hiyo ya tatu nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa ametoa ridhaa.