Mto Jukskei Usioonekana Ramanini

Fungua ramani ya vipimo vitatu kwenye simu, itafute Midrand, kisha ivute karibu polepole. Kwanza utaona uwanda mtupu kati ya Johannesburg na Pretoria. Endelea kuvuta: vilima vinachomoza, Mto Jukskei unapata bonde lake. Ni rahisi kudhani kwamba kila ukivuta, simu inajua zaidi.

Ardhi ya ramani hizi ni utando wa pembetatu zilizoshonwa pamoja. Zikichorwa zote kwa mpigo, simu itakwama na bando litaisha. Kwa hiyo dunia hukatwa vigae. Huanza kigae kimoja, na kwa kila hatua ya kuvuta kila kigae hugawanyika vinne. Kufikia hatua ya kumi vimekuwa 1,048,576. Simu huomba vile tu vilivyo mbele ya macho. Mlima wa mbali hupewa pembetatu chache, wa karibu nyingi. Hesabu yake ni ya kibahili: nikiuchora mlima huu kijuujuu, jicho litaona kasoro ya pikseli ngapi? Kama haionekani, yatosha. Mimi huita jambo hili kiwango cha undani. Walimu wetu wa isimu huenda wana neno tamu zaidi.

Lakini pembetatu hujengwa juu ya vipimo. Februari 2000, chombo cha anga za juu Endeavour kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Kwa miaka mingi Marekani ilitoa hadharani vipimo vya kila mita 30 vya ardhi yake, na Afrika ikapewa vya kila mita 90 hivi. Vya mita 30 vya bara letu vilianza kutolewa mwaka 2014. Mraba wa mita 90 una mita za mraba 8,100, zaidi ya uwanja wa mpira, na wote hupewa kimo kimoja. Kingo za Jukskei humezwa humo. Tena rada ile ilisoma mara nyingi vilele vya miti na mapaa badala ya udongo.

Kompyuta hulainisha mteremko ukapendeza, bila kuongeza kipimo hata kimoja. Desemba 2022, mafuriko ya ghafla ya Jukskei yaliwasomba waumini waliokuwa ibadani mtoni, Johannesburg. Anayetafuta kiwanja kando ya mto huo kwa ramani ya simu ataona mteremko mwanana tu. Kujua maji yatafika wapi, atahitaji ardhi iliyopimwa kwa leza kutoka kwenye ndege, inayoweza kutenganisha ukingo na paa.