Usiunguze bodi kama mimi: kuandaa Raspberry Pi kwa ajili ya roboti

Wengi mmeniuliza ile roboti yangu ya magurudumu imefikia wapi. Jibu fupi: bodi ya kwanza niliiunguza. Hela ya miezi mitatu ya kufundisha tuition watoto wa mtaani ikaisha ndani ya sekunde moja. Na wala bodi haikuwa feki, kosa lilikuwa langu mwenyewe. Sasa nimepata nyingine ya mtumba, Raspberry Pi 3, na safari hii imekubali. Ngoja niwape mkanda mzima ili yasiwakute.

Hii kitu ni kompyuta kamili kwenye bodi moja, saizi ya kadi ya benki. Ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 2012, Pi 3 ikafuata 2016. Haina hard disk, kila kitu kinakaa kwenye memori kadi. Pembeni ina pini 40 za kuunganishia vitu, na hapo ndipo penye utamu na balaa.

1. KADI
Nenda kafe na micro SD ya GB 16 pamoja na kisomea kadi. Mwombe mhudumu akuwekee programu ya Raspberry Pi Imager, maana mashine nyingi za kafe zimefungwa. Chagua toleo la Lite, halina desktop kwa hiyo ni jepesi kudaunlodi. Kabla ya kuandika kadi, ingia kwenye settings: ipe mashine jina (yangu inaitwa roboti), weka jina lako na paswedi, hotspot ya simu yako, halafu washa SSH. Zamani bodi zote zilikuwa na paswedi moja, lakini iliondolewa 2022, kwa hiyo ukiruka hatua hii unakwama. Na usiweke paswedi ya email yako, hiyo mashine ni ya watu wengi!

Ikimaliza, Windows inaweza kukuuliza kama ufomati kadi. KATAA. Ukikubali umefuta kazi yote.

2. UMEME
Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5. Chaja ya kimeo itakufanya uwake na kuzima mpaka uichukie. Pawabanki yenye ampea za kutosha inafaa kwa roboti inayotembea.

3. MOTA
Hapa ndipo nilipolia. Mota haiungwi kwenye pini moja kwa moja hata siku moja, pini haina nguvu hiyo. Nunua bodi ndogo ya L298N ikae katikati. Mota zile betri zake za pembeni, Pi ile pawabanki, ila waya hasi (GND) za pande zote ziungane, la sivyo hawataelewana.

Pini zinavumilia volti 3.3 tu. Mimi mota ilikuwa inasuasua, nikashika waya chanya wa betri kuhangaika nao, ukagusa pini. Moshi kidogo, harufu, basi.

Mtego mwingine ni namba. GPIO17 sio mguu wa 17, ni mguu wa 11. Mguu wa 17 unatoa umeme wa volti 3.3! Kwa hiyo: IN1 kwenye mguu wa 11, IN2 kwenye mguu wa 12, GND kwenye mguu wa 6. Jampa ya ENA iache hapo hapo.

4. JARIBIO
Unga laptop kwenye hotspot ile ile, andika ssh jinalako@roboti.local, kisha:

sudo apt update
sudo apt install python3-gpiozero

Fungua python3 uandike:

from gpiozero import Motor
gurudumu = Motor(17, 18)
gurudumu.forward()

Gurudumu likizunguka, piga kelele kama mimi. Kusimamisha ni gurudumu.stop(). Likizunguka kinyume, badilisha waya mbili za mota tu.

Mwisho, usichomoe umeme ghafla, kadi itaharibika. Andika sudo poweroff, subiri taa ya kijani itulie.

Madogo wa tuition wameshaiona ikitembea sebuleni, sasa wanataka ijue kukwepa ukuta. Mwenye uzoefu wa sensa za umbali amwage ujuzi hapo chini. Tuko pamoja!