Kusubiri Majibu ya Chuo: Parokia Ifanye Nini Barua Inapochelewa?



Kila mwaka, kati ya Januari na Juni, tunapokea swali lile lile kutoka kwa kamati za parokia za Mwanza, Sengerema, Magu na Ukerewe. Mratibu wa maendeleo, au mhamasishaji wa vikundi, ameomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika masomo ya maendeleo. Fomu zilitumwa tangu mwaka uliopita. Sasa miezi inakatika na hakuna jibu. Kamati inauliza: Je, amekataliwa? Tumtafutie mtu wa kushika nafasi yake? Tuanze kuchanga? Wafadhili nao wanauliza kama fedha za mradi zipelekwe kwa mtu ambaye huenda ataondoka.

Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi majibu haya yanavyotolewa, kwa nini yanachelewa, na kamati inaweza kufanya nini wakati huo. Tunaamini kwamba miezi ya kusubiri ikitumiwa vizuri, parokia hunufaika jibu likiwa ndiyo au hapana. Ikitumiwa vibaya, vikundi hudhoofika hata kabla mtu hajapanda basi.

Jambo hili si geni kwetu

Watu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakienda mbali kutafuta elimu kwa ajili ya kazi ya nyumbani tangu kabla ya Uhuru. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa akifundisha Tabora kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Alirudi mwaka 1952 akaendelea kufundisha, safari hii Pugu. Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba, alikwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda yetu viliungana kuwa shirikisho moja lenye makao yake Mwanza, na Bomani akawa meneja wake.

Viongozi wa Kanisa nao waliona kwamba si lazima kila mtu avuke bahari. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha Nyegezi chuo cha mafunzo ya huduma za jamii. Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, Nyerere na Bomani walikwenda wakiwa tayari na kazi mkononi, wakairudia. Pili, ushirika wa pamba haukusimama Bomani alipokuwa masomoni, kwa kuwa haukuwa mali ya mtu mmoja. Kamati nyingi hushindwa hapo pa pili.

Majibu ni mawili, si moja

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mwombaji anasubiri majibu mawili. La kwanza ni la chuo: anakubaliwa kusoma au hakubaliwi. La pili ni la fedha: nani atalipa ada, nauli, chakula na malazi. Mara nyingi majibu haya hutolewa na watu tofauti kwa tarehe tofauti. Barua ya chuo inaweza kufika Februari na ya ufadhili Juni. Kwa hiyo mtu akisema "nimepata chuo", kamati isishangilie wala kuhuzunika mapema. Imuulize kwa upole: "Na fedha je?"

Tuchukue mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao Watanzania wengi huuomba. Maombi hufunguliwa Agosti na kwa kawaida hufungwa Oktoba. Wanaochaguliwa huitwa kwenye usaili miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Matokeo hutoka katikati ya mwaka, na masomo huanza Septemba au Oktoba. Kutoka fomu hadi jibu ni kama miezi minane. Mwombaji hutakiwa awe na uzoefu wa kazi wa saa zisizopungua 2,800, yaani karibu miaka miwili, na huahidi kurudi nchini mwake kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Kamati ifahamu sharti hilo la kurudi, maana linaihusu.

Mipango ya Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, na wengi hujibiwa Machi au Aprili. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani kwa masomo ya maendeleo huombwa kupitia chuo chenyewe, na kila kozi ina tarehe yake. Vyuo vya Marekani hujibu zaidi kati ya Februari na Aprili, lakini ufadhili kamili kwa shahada ya uzamili huko si jambo la kawaida.

Kwa nini inachukua muda mrefu?

Wengine hudhani kwamba ukimya maana yake faili limepotea, au kwamba kuna mtu wa kuonwa. Sivyo. Maombi husomwa na walimu ambao pia wanafundisha. Barua za wadhamini husubiriwa, na moja ikichelewa faili zima husimama. Kisha nafasi hutolewa kwa awamu. Wa kwanza wakishapewa, hupewa na muda wa kufikiri. Vyuo vingi vya Marekani, kwa mfano, vimekubaliana kutowalazimisha waliopewa ufadhili kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Wakikataa, ndipo walio kwenye orodha ya akiba huitwa. Ndiyo maana mtu aliyekaa kimya hadi Mei anaweza kuitwa ghafla.

Jibu lenyewe huweza kuwa la namna nne: kukubaliwa moja kwa moja, kukubaliwa kwa masharti, kama vile kuleta cheti cha mtihani wa Kiingereza, kuwekwa kwenye orodha ya akiba, au kukataliwa. Orodha ya akiba si ahadi, lakini si kukataliwa pia.

Waliowahi kupanga foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi wanaelewa hali hii. Mtu alikuwa amekwama na mzigo wake, harudi nyuma wala haendi mbele. Foleni ile ilikwisha Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025. Foleni ya vyuo bado haina daraja, na anayejidai kulijenga ni wa kuogopwa. Wapo matapeli wanaopiga simu wakidai kwamba kwa malipo kidogo watasukuma faili. Hakuna ufadhili wa kweli unaouzwa kwa simu, na kuomba Chevening hakulipiwi ada. Mwombaji akiombwa fedha, barua hiyo ailete kwa kamati isomwe na watu zaidi ya mmoja.

Kinachoharibika wakati wa kusubiri

Miezi ambayo majibu hufika ndiyo miezi ya masika. Katika mialo yetu, Machi hadi Mei ni wakati mgumu kwa akina mama wa dagaa. Mvua hunyesha juu ya dagaa walioanikwa, mzigo huoza, na marejesho ya mikopo ya kikundi huanza kusuasua. Hapo ndipo kikundi humhitaji mhamasishaji wake kuliko wakati wowote: akae nao, apitie vitabu, asaidie kukubaliana nani aongezewe muda na nani asiongezewe. Na hapo ndipo mhamasishaji mwenyewe amekaa na simu mkononi akisubiri barua pepe.

Hatumlaumu. Kusubiri kunachosha. Lakini mara nyingi jamii huongeza mzigo huo. Watu huanza kumwita "wa Ulaya". Wanakikundi huacha kumpelekea matatizo yao kwa kuwa "huyu tayari ameondoka". Kamati huahirisha mpango wa mwaka hadi ijulikane. Jibu likiwa hapana, anabaki mtu mwenye aibu asiyostahili, na kazi iliyopoa. Likiwa ndiyo, anaondoka na vitabu kichwani mwake, maana hakuna mwingine aliyefundishwa kuvitunza.

Mambo ya kufanya

Kutokana na hayo, tunapendekeza kamati zifanye yafuatayo.

1. Mpango wa mwaka upitishwe kama kawaida, ukiwa na sehemu mbili fupi: akienda, na asipokwenda. Kila sehemu itaje nani atafanya nini.

2. Achaguliwe msaidizi mapema, tangu Januari. Akae na mratibu kwenye mikutano ya vikundi na ajifunze daftari la hisa, mikopo na marejesho. Mratibu akibaki, parokia itakuwa na watu wawili wanaojua kazi badala ya mmoja. Hapo hakuna hasara.

3. Makubaliano yaandikwe kabla ya jibu kufika. Je, nafasi yake itashikiliwa? Kwa muda gani? Akirudi atafanya kazi gani? Ni rahisi kukubaliana kwa haki wakati hakuna anayejua matokeo. Baada ya barua kufika, kila upande huvutia kwake.

4. Habari hizi zisitangazwe kanisani wala kwenye mikutano kabla hazijakamilika. Ni za mwombaji. Wajuzwe wanaohitaji kupanga kazi, na wengine wasubiri.

5. Mwombaji asiache kazi, asiuze kiwanja wala mifugo kwa sababu ya barua ya chuo peke yake. Asubiri jibu la fedha.

Kuhusu michango

Ndugu wafadhili na wanakamati, tunafahamu moyo wenu wa kutoa. Hata hivyo, harambee ya haraka huweza kushindwa kumsaidia mtu. Anayekwenda Uingereza kwa kujilipia, kwa mfano, hutakiwa kuonyesha kwamba fedha zinazotakiwa zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Mchango uliokusanywa wiki ya mwisho hautoshi kwa sharti hilo. Kuna pia ada ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Kuna cheti cha kupimwa kifua kikuu kwa anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita, na safari ya Dar es Salaam kwa taratibu hizo. Aidha, tangu Januari 2024 wengi wa wanaosoma uzamili wa kawaida wa darasani nchini humo hawaruhusiwi kwenda na mwenzi au watoto. Familia yenye watoto wadogo ilizungumze hilo wakati wa kusubiri, si siku ya kufunga mizigo.

Tunawaomba wafadhili waulize swali moja zaidi ya bei ya tiketi: posho ya atakayebaki na vikundi italipwa na nani? Mara nyingi fedha hiyo ni ndogo kuliko nauli, lakini ndiyo inayowafanya akina mama wa mwaloni wasiachwe peke yao.

Jibu likiwa hapana

Wengi hujibiwa hapana, na si kwa sababu kazi yao ni mbaya. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi kutoka dunia nzima. Tena mazingira yamebadilika. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Watu wenye shahada waliokuwa na ajira kwenye miradi hiyo nao wanatafuta mahali. Ni halali kwa kamati na mwombaji kukaa pamoja na kuuliza: Shahada hii tunaitaka kwa kazi gani hapa kwetu?

Mara nyingine jibu liko karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha maendeleo vijijini. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mwanza, na mtu anaweza kusoma huku akiendelea na kazi. Anayetaka kujaribu tena nje aombe mwaka unaofuata. Afahamu tu kwamba chuo huweza kukubali kumhifadhia nafasi hadi mwaka mwingine, lakini ufadhili kama Chevening hauhamishiki. Lazima uombwe upya.

Siku jibu la hapana linapofika, mwenyekiti wa kamati asimtumie mtu. Aende mwenyewe, ampe pole, kisha amwambie wazi kwamba kazi yake ipo na vikundi vinamhitaji. Maneno hayo yasemwe na mtu mwenye mamlaka ya kuyasema.

Kamati zinazotaka mfano wa makubaliano ya maandishi zinakaribishwa ofisini kwetu. Njooni na mratibu wenu pamoja na msaidizi wake, maana makubaliano hayo yanawahusu wote wawili.